Dawa ya Kuchua si Mafuta ya Nazi

Mkulima aliyeteguka kifundo, au mpagazi aliyebeba kilo 20 Kilimanjaro, hushukia Bomang'ombe kutafuta dawa ya kuchua. Sisi wa Visiwani tunao wachumaji karafuu na wavuvi wenye maumivu yayo hayo.

Jeli ya diklofenaki tunaiunga mkono. Hutuliza goti na kifundo, na dawa inayoingia katika damu haifikii moja ya kumi ya ile ya vidonge, ambavyo vikimezwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Lakini hii ni dawa hasa: haipakwi penye jeraha, haimfai mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho, wala haichanganywi na vidonge vya jamii yake bila ya ushauri wa mganga.

Maonyo hayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi za chembechembe. Mzee wa miaka 60, ambaye ndiye mwenye magoti mabovu, atayasomaje?

Tunawaomba wakuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Bara, na wenzao wa Wakala wa Chakula na Dawa, Zanzibar, waagize kila boksi liwe na karatasi ya Kiswahili, na muuza duka amsomee mnunuzi kabla ya kupokea fedha.