Mwacheni DJ Aongee

Jumamosi moja nilikuwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye kibanda cha kuweka muvi kwenye flashi. Mama mmoja mbele yangu alimuuliza kijana wa kompyuta: "Mwanangu, hii imetafsiriwa?" Kijana akasema bado. Mama akarudisha flashi yake mkobani. "Basi sitaki. Nikaangalie midomo tu?"

Nyuma yangu mtu alicheka. Zamani ningecheka naye.

Sisi tuliosoma tumeshatoa hukumu: DJ anayetafsiri muvi anaiharibu. Anafunika sauti ya mwigizaji, anatia utani, anawabatiza wahusika majina ya uswahilini. Filamu, tunasema, itazamwe jinsi mwenyewe alivyoitengeneza. Tunajiona walinzi wa desturi. Desturi ya nani?

Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri, Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment. Picha zilipigwa bila sauti. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, au mtu alieleza kwa kipaza sauti picha zikiendelea. Japani nako, enzi za filamu bubu, msimulizi aitwaye benshi alikaa kando ya pazia, na watu walikata tiketi kwa ajili yake.

Kwa hiyo Lufufu, alipokaa na deki, kanda za VHS na kipaza sauti hapa Dar, alivumbua kitu na papo hapo akarudisha cha zamani. Bibi akisema "Paukwa", nani alinyamaza? Kwenye kibanda umiza watu humjibu DJ vivyo hivyo.

Mtasema huo ni wizi. Hapo sibishi: mtengenezaji wa muvi ambaye kazi yake inanakiliwa kabla hajarudisha gharama ana haki ya kukasirika. Ila hilo ni kosa la kunakili. Diski yangu imejaa muvi za wizi zenye maandishi ya Kiingereza chini, na hakuna aliyewahi kuniita mharibifu wa sanaa. Kumbe kinachotukera ni Kiswahili chenyewe, tena cha mtaani.

Mama yangu aliishia darasa la nne. Maandishi yale humpita kabla hajamaliza mstari, hata yakiwa ya Kiswahili. Nikiwa chuo nilimzimia muvi ya DJ katikati, nikamwambia, "Hiyo siyo filamu, mama." Aliinuka, akaenda jikoni. Hakuniomba tena tuangalie pamoja.

DJ akitafsiri hovyo, mkosoeni kama mnavyomkosoa mwandishi. Wekeni utaratibu alipie haki, naye alipwe kwa jasho lake. Lakini msimzime. Mkimzima, mama zetu ndio watakaotolewa ukumbini.

Jumamosi ile nilinunua muvi mbili, zote zimetafsiriwa. Nikapanda daladala kwenda kwa mama.