Ati Kubali Yaishe?

Mmeusikia ushauri huu kwenye korido za mahakama zetu hapa Kenya, na pengine mmewahi kuutoa: kubali kosa, lipa faini, saa kumi uko nyumbani. Wanaoutoa sidhani wana nia mbaya. Hoja zao ndizo hazisimami, na nyingine zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Zipimeni.

Ya kwanza ndiyo mama yao: kukana kunarefusha, kukubali kunamaliza. Kweli, kukana kunarefusha. Aliyekana atarudi mara tano, mara sita, atakula nauli na kupoteza vibarua. Hilo silipingi. Lakini kukubali kunamaliza nini? Karani anasoma shtaka, anauliza, "Ni kweli au si kweli?" Mshtakiwa anajibu, "Ni kweli." Maneno mawili. Kifungu cha 207 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamtaka hakimu ayaandike, kisha amtie hatiani, isipokuwa kuna sababu ya kutosha ya kutofanya hivyo. Halafu kinakuja kifungu cha 348: aliyekubali kosa mbele ya hakimu atakata rufaa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu, hatia yenyewe haigusi. Kilichoisha, basi, ni nafasi yake ya kujitetea. Miaka miwili baadaye anatafuta kazi ya ulinzi, anaambiwa alete cheti cha tabia njema, anabonyeza vidole kwenye wino, na mchana ule "ulioisha" unamngoja pale pale.

Wanajua udhaifu huo, ndiyo maana huongeza: kubali kwanza, halafu ujieleze, hakimu ataelewa. Sikilizeni maelezo yenyewe yanavyokuwa: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye alianza, alinijia na rungu." Huko si kukubali. Huo ni utetezi uliovaa koti la kukubali. Tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mtu, maneno yake mwenyewe yaandikwe, upande wa mashtaka utoe maelezo ya tukio, naye aulizwe kama anayakubali. Akipinga, au akitaja jambo linalotia shaka hatia yake, iandikwe kwamba amekana. Kwa hiyo mshauri anayekwambia una sababu nzuri, na papo hapo anakwambia ukubali, hajakusikiliza au hajajisikiliza.

Tishio lao kubwa ni rumande: ukikana, utalala ndani. Wapo waliolala ndani kwa kukosa dhamana, na ni aibu yetu sote. Lakini Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Sasa tazameni wanavyojifunga. Wakitaka ukubali, wanasema hili ni kosa dogo tu. Wakitaka uogope, kosa lile lile limekuwa la kukuozesha rumande. Na wachague moja.

Kwamba faini si kifungo, hivyo haiachi rekodi? Faini ni adhabu, na mahakama haimwadhibu asiye na hatia. Tusonge.

Wengine wanasema uelewane na mlalamishi, kesi ifutwe. Hapa wana nusu ya ukweli. Kifungu cha 176 cha Sheria ile ile ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo makubwa, na kifungu cha 204 kinamruhusu mlalamishi kuondoa malalamiko kwa idhini ya mahakama, mshtakiwa akaachiliwa kwa kutokuwa na hatia. Nusu iliyobaki imejificha ndani ya neno "kufutwa." Kiongozi wa mashtaka akiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a), kabla hujaitwa kujitetea, unaachiliwa, lakini unaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Nje ya mahakama, aliyeachiliwa kwa 204 na aliyeachiliwa kwa 87(a) wote wawili husema "kesi yangu ilifutwa." Mmoja wao amemaliza, mwenzake bado. Kabla ya kusherehekea, uliza ni kifungu gani kilichotumika, na uchukue nakala ya uamuzi iliyopigwa muhuri.

Kuna pia faraja kwamba rekodi hufutika yenyewe miaka ikipita. Nashuku hii ilipanda ndege: Uingereza wana sheria ya 1974 inayoziacha hatia nyingi zipitwe na wakati. Bunge la London halitungii sheria dawati la wapelelezi pale Kiambu Road, wanaotoa cheti kile cha tabia njema. Anayedai tunayo kama hiyo, na ataje kifungu.

Na aliyetenda kweli je? Yeye kukubali kunaweza kumfaa, ila si kwa namna ya korido. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Probesheni kinaipa mahakama uwezo, hata shtaka likithibitika, wa kumweka mtu chini ya afisa wa probesheni bila kumtia hatiani, ikizingatia umri wake, mwenendo wake, afya yake au mazingira ya kosa. Maneno hayo, "bila kumtia hatiani," yana thamani kuliko faini yoyote. Huombwa kabla hakimu hajaandika hatia, na wakati huo mshauri wetu keshatangulia kushika foleni ya kulipia faini.