Mizimu ya Pwani ya Thailand

Wako vijana wengi waliotoka shule hii ambao wakisikia neno "mzimu" hucheka, wakadhani kwamba kucheka ndiyo alama ya elimu. Mimi sikubali. Nilipata nafasi ya kwenda Thailand, nchi iliyoitwa Siam hapo zamani na ambayo haikutawaliwa na Wazungu kamwe, nikakaa siku chache katika pwani ya Krabi. Nataka kutoa maoni yangu juu ya niliyoyaona, maana yanatuhusu.

Karibu kila nyumba, duka na hoteli ina kijumba kidogo juu ya nguzo, kimepambwa kama hekalu. Hayo ndiyo makao ya mzimu wa kiwanja. Wenyewe husema kwamba ukijenga nyumba umemwondoa mwenyeji mahali pake, basi yakupasa kumpa pa kukaa. Huwekewa udi, makoja ya maua, wali na chupa ya soda nyekundu, tena na mrija wa kunywea! Nilimwuliza mtumishi wa hoteli kwa nini iwe nyekundu. Akasema ndiyo aipendayo. Wako wasemao kwamba rangi hiyo imeshika mahali pa damu ya sadaka za kale.

Baharini ni vivyo hivyo. Mashua zao ndefu hufungwa vitambaa vya rangi mbalimbali na maua katika omo, kwa heshima ya Mae Ya Nang, pepo wa kike alindaye chombo. Haifai kukanyaga hapo wala kupakalia. Mtalii mmoja katika mashua yetu alipanda juu ya omo ili apigwe picha. Nahodha hakugomba, alitabasamu, akamwonyesha pa kukaa, na tulipofika pwani akaenda mwenyewe kuyatengeneza yale maua. Kwa maoni yangu, mwenye elimu katika chombo kile alikuwa nahodha.

Katika pango la Phra Nang, karibu na Railay, wavuvi humwomba binti mfalme wa kale awape usalama na samaki, nao humwachia vinyago vya mti ambavyo adabu ya gazeti hili hainiruhusu kuvieleza. Watalii huvipiga picha wakicheka. Lakini wengi wao hutoka katika miji ambayo majumba marefu hayana ghorofa ya 13, kwa kuogopa namba tu!

Desturi nyingine ni za heshima. Kichwa ni kitukufu, mguu ni duni. Kwa hiyo usimguse mtu kichwani, hata mtoto, wala usielekeze nyayo kwenye sanamu ya Buddha. Noti ikipeperushwa na upepo usiikanyage, kwani ina sura ya mfalme, na kumtukana mfalme ni kifungo cha miaka 3 hadi 15.

Sisemi kwamba kila imani ni njema. Kutonyoa nywele siku ya Jumatano hakumdhuru mtu, ila labda kinyozi. Hirizi ni jambo jingine. Wengi huko huvaa shingoni visanamu vya Buddha, na wako waaminio kwamba hirizi huzuia risasi. Niliposikia hayo nilikumbuka vita vya Maji Maji vya Tanganyika, vilivyoanza mwaka 1905. Watu wale walikuwa na haki ya kupigana, lakini maji ya dawa hayakugeuza risasi za Wajerumani.

Sasa sikilizeni habari ya Wamoken. Hawa si Wathai. Ni watu wa bahari wanaokaa visiwani, na wazee wao walikuwa na hadithi ya wimbi lilalo watu, waliloliita laboon: bahari hukimbia kwanza, halafu hurudi kwa hasira. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba, 2004, bahari ilikimbia. Pwani nyingine watu walitelemka kutazama mchanga mtupu na samaki wanaorukaruka. Katika visiwa vya Surin wazee wa Kimoken waliita watu wapande mlimani. Kijiji kilizolewa chote, lakini karibu watu wote waliokoka. Thailand peke yake walikufa zaidi ya 5,000, wakiwamo wasomi waliosoma jiografia kama sisi. Siku ile ile wimbi hilo lilifika mpaka pwani zetu za Afrika Mashariki, likaua watu Dar es Salaam.

Sasa niambieni, mwalimu gani angeweza kuwatenga wale wazee na "ushirikina" wao kabla ya siku ile?

Ndiyo sababu naomba jambo moja. Ninyi mnaotoka visiwa vya Ssese na kando ya Ziwa Nyanza, likizo ijayo waulizeni wavuvi wazee habari za Mukasa: alikataza nini, wapi, na majira gani ya mwaka. Andikeni maneno yao kama yalivyo, bila kuyasahihisha, mkayalete kwa mhariri. Wazee wenyewe wanapungua.