Abstrakti mkononi, tarehe kichwani

Na Mutinda Kyalo

Mtu wa Kambu haelezwi ajali ni nini. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa inapita hapa, matrela usiku na mchana, na bodaboda zinavuka katikati yake. La kuelezwa ni yale yanayofuata, maana hapo ndipo majeruhi wengi hupoteza haki kabla hakimu hajasikia majina yao.

Anayewahi kufika wodini mara nyingine si jamaa mwenye uji. Ni dalali wa kesi, ana fomu na kalamu, anaahidi wakili ambaye malipo yake yatakuwa fungu la fidia. Sheria ya Mawakili ya Kenya inakataza udalali huo, na mapatano ya kugawana fidia haiyatambui. Mfukuzeni, hata akiwa mtoto wa jirani. (Mara nyingi ndiye.)

Kisha shikeni tarehe. Aliyeumizwa kwa uzembe wa mtu ana miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Gari likiwa la Serikali, miezi 12 tu. Miaka 3 huonekana mingi mpaka uitoe miezi ya plasta, ya kliniki na ya kutafuta nauli.

Ila mtego mkali ni wa siku 14. Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inataka kampuni ya bima iarifiwe kabla kesi haijafunguliwa, au ndani ya siku 14 baada ya kufunguliwa. Ukikosa, unaweza kushinda pale Mahakama ya Makindu na kampuni isilipe hata ndururu. Utabaki kumdai mwenye matatu ambaye mali yake ni hiyo hiyo matatu, na sasa ni vyuma chakavu. Na hata ukiarifu kwa wakati, bima hiyo hailipi zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kwa kijana aliyekatwa miguu yote miwili, naona ni dhihaka.

Kwa hiyo namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, iandikwe siku ile ile. Abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali, ionyeshe namba ya gari, kampuni ya bima na namba ya hati yake. P3, fomu ya polisi ya majeraha, ijazwe, risiti zote zihifadhiwe, hata ya panadol. Na mtu wa bima akija na hundi ndogo pamoja na karatasi ya kutia sahihi, msikubali kabla wakili hajaisoma: kwa kawaida inasema dai limekwisha.

Naomba jambo moja kwa wakuu wa vituo vya polisi kuanzia Makindu hadi Mtito Andei. Kila abstrakti itoke na karatasi ya pili, kwa Kiswahili na Kikamba, yenye mipaka hii mitatu ya muda: miaka 3, miezi 12, siku 14. Gharama yake ni wino tu.