Mtu-fisi si Mtu-mbwamwitu: Kasoro ya Usawiri katika Sanaa ya Mashabiki

Upo mwelekeo, miongoni mwa wachoraji na wahakiki wanaowashangilia, wa kumfanya kila mtu ageukaye mnyama kuwa ndugu wa yule mbwamwitu wa filamu za Marekani. Mwelekeo huu umeota mizizi katika michoro na katuni za mashabiki, ambamo mageuko husawiriwa hatua kwa hatua: mwezi mpevu, taya linalorefuka, nguo zinazochanika, mgongo unaopinda kwa uchungu. Anapoingizwa humo qori ismaris, mtu-fisi wa ngano za Kisomali, naye huvishwa mwezi na uchungu huo huo. Huko si kumfasiri bali ni kumfuta.

Jina lenyewe ni ushahidi. Qori ni kijiti. Ismaris ni mwenye kujisugua. Giza likiingia, mtu huyo hujisugua kwa kijiti chake akawa fisi. Kabla ya mapambazuko hujisugua tena akarudi kuwa mtu. Hakuumwa wala hakulaaniwa. Alitaka.

Mhusika wa The Wolf Man (1941) ni kinyume chake: aliumwa, na maradhi hayo hayakuwa chaguo lake. An American Werewolf in London (1981), filamu iliyompatia Rick Baker tuzo ya kwanza ya Oscar ya upambaji wa sura, iliufanya uchungu wa mwili kuwa kilele cha mageuko, na mashabiki wamekirithi kilele hicho. Hata Lycaon wa Ovid aligeuzwa na Jupiter kwa adhabu. Wote hao wametendwa. Mtu-fisi ni mtenda. Fani ikibadilishwa hapa, dhamira nayo imekwisha kubadilika: hadhira iliyopaswa kuhukumu inaombwa kuhurumia.

Kwa mfugaji wa Sangailu, katika Kaunti ya Garissa, fisi si ishara ya kifasihi tu. Ni mnyama anayevamia mifugo usiku. Mbwamwitu naye yupo upande huo, katika misitu ya Boni: ana madoa na masikio ya mviringo, huwinda kwa makundi, aghalabu kukiwa na mwanga. Hafanani na yule wa Ulaya. Hivyo mchoro unaosifiwa kuwa wa ulimwengu mzima humpa msomaji wa huko mnyama asiyemjua, huku ukimnyang'anya anayemjua.

Watetezi wa mashabiki watasema kwamba fasihi simulizi haina nakala moja iliyo sahihi, na kwamba kila fanani huongeza na kupunguza. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haiwasaidii. Fanani hubadilisha ngano mbele ya hadhira inayoijua na inayoweza kumkatiza. Mchoraji anayenakili filamu hajaibadilisha ngano, ameiacha.

Hata hivyo, kumrudishia mtu-fisi hiari yake kuna hatari ambayo mhakiki hana budi kuikabili. Nchini Ethiopia, imani ya buda iliwatwika wahunzi, na Beta Israel waliofanya kazi hiyo, tuhuma za kugeuka fisi. Palipo na hatia hutafutwa mwenye hatia, na jamii hupenda kumpata miongoni mwa wanyonge. Kwa hiyo mchoraji anayemchagulia mtu-fisi uso anachagua pia nani atashukiwa. Dawa si kumgeuza mgonjwa wa mwezi. Dawa ni kumpa uso wa jirani aheshimiwaye, kwa kuwa kitisho cha ngano hii hakimo katika manyoya. Kimo katika asubuhi, mtu anaporudi miongoni mwa watu bila alama yoyote.

Sanaa ya mashabiki ina uwezo wa kuyasema hayo, na katuni hasa, kwa kuwa ina muda wa kuonyesha kitendo kabla ya matokeo yake. Na ianze na mkono unaookota kijiti. Kucha zinaweza kungoja.