Kufikisha Muda Siyo Kupata Nafasi

Wanachuo wenzangu, kila aliyeomba chuo nchi hii anaijua tofauti ninayotaka kuizungumzia. Unaambiwa ukiwa na pointi kadhaa kidato cha sita una sifa ya kusoma shahada. Unaomba kozi inayogombaniwa, majina yanatoka, lako halipo. Sifa unazo, nafasi huna. Kuna mtu wa mwisho aliyeingia, na pointi zake yeye ndizo zilikuwa mstari wenyewe. Zile za kwenye tangazo zilikuwa ruhusa ya kuingia kwenye foleni tu.

Mbio za marathoni nazo ziko hivyo hivyo, ila huko hakuna anayekwambia mapema. Mimi ni mtoto wa Same, nasomea ualimu wa hisabati, na nadhani hili ni jambo letu sisi tunaokwenda kufundisha kuliko hata la makocha.

Chukua Boston Marathon, mbio zilizoanza mwaka 1897. Watanzania tunaijua kwa sababu ya wakubwa wetu. Juma Ikangaa alikuwa wa pili pale miaka 3 mfululizo, 1988 hadi 1990. Gabriel Geay akawa wa pili 2023, na Alphonce Simbu akawa wa pili 2025. Lakini nyuma ya hao kuna maelfu ya watu wa kawaida, na wengi wao wameingia kwa kufuzu: kila umri na jinsia ina muda wake. Kwa mbio za 2025, mwanaume wa miaka 18 hadi 34 alitakiwa awe amekimbia marathoni kwa saa 3:00:00 au chini ya hapo.

Walioomba wakiwa na muda huo mkononi walikuwa 36,393. Waliochukuliwa ni 24,069. Wengine 12,324, yaani mtu mmoja kati ya kila watatu, walirudishwa nyumbani ingawa walifikisha. Waandaaji hupanga maombi kwa kuangalia nani ameupita muda wake kwa kiasi gani, halafu nafasi zikiisha, orodha inakatwa. Mwaka ule ilikatwa kwenye dakika 6 na sekunde 51. Kwa hiyo yule kijana aliyeambiwa saa 3:00:00 alihitaji kwa kweli 2:53:09. Hapo orodha inapokatwa mimi nitapaita mkato.

Mkato hautangazwi kabla. Unajulikana baada ya maombi kufungwa. Ndiyo maana kuna watu wanajaribu kuukadiria miezi kabla: wanahesabu wangapi wamefikisha muda kwenye mbio kubwa za mwaka huo, wanalinganisha na mwaka uliopita, wanaangalia nafasi ziko ngapi. Ni takwimu ya sekondari kabisa, ile ya majedwali ya idadi tuliyokuwa tunaikimbia.

Sasa tufanye zoezi. Baada ya msongamano huo, Boston walikaza kamba: kwa mbio za 2026, muda wa walio chini ya miaka 60 ukapunguzwa kwa dakika 5. Mwanaume wetu akatakiwa 2:55:00. Ukiwa na haraka utasema mkato wa 6:51 toa 5:00, unabaki 1:51. Ulipotoka ulikuwa 4:34. Waombaji walikuwa 33,249, waliochukuliwa 24,362, na walioachwa 8,887. Mstari halisi wa kijana ukawa 2:50:26.

Kwa nini hesabu ya haraka ilikosea? Kwa sababu iliwachukulia watu kama mawe. Ukitangaza 2:55, yule aliyekuwa analenga 2:58 hakai kulia. Anabadilisha mazoezi, anatafuta njia iliyo tambarare, analenga 2:54. Muda unaotangazwa unavuta watu. Mwalimu yeyote anakijua kitu hiki: ukisema ufaulu ni 40, utashangaa wangapi wanapata 41. Kwa hiyo anayekadiria mkato lazima ajiulize pia watu watafanya nini wakishausikia muda mpya, maana kutoa na kujumlisha peke yake hakutoshi.

Ngazi ya juu nako ni vile vile. Muda wa kufuzu Olimpiki kwa marathoni ya wanaume ulikuwa 2:19:00 kwa Rio 2016, ukawa 2:11:30 kwa Tokyo, ukawa 2:08:10 kwa Paris 2024. Kwa wanawake ulitoka 2:45:00, ukaja 2:29:30, ukaja 2:26:50. Angalia hapo: Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Muda uliompa ushindi katika moja ya mbio kubwa duniani ungeupita muda wa kuomba kwenda Paris, miaka 35 baadaye, kwa sekunde 9 tu. Viatu vimebadilika na mazoezi yamebadilika. Kijana anayefundishwa kwa namba za miaka 8 iliyopita anasoma silabasi iliyofutwa.

Halafu kuna mkato mwingine ambao haupo kwenye karatasi yoyote. Nchi moja hupeleka Olimpiki wakimbiaji wasiozidi 3 wa marathoni kwa kila jinsia. Kenya wanaofikisha muda ni wengi, wanakwenda watatu, wengine wanatazama kwenye runinga kama sisi. Kwetu wanaofikisha ni wachache zaidi. Sasa kwa wanaume kuna Simbu na Geay, na Geay ana 2:03:00 aliyokimbia Valencia 2022. Kwa wanawake kuna Magdalena Shauri mwenye 2:18:41 ya Berlin 2023. Kijana anayechipukia leo asiangalie tu muda wa dunia. Amwangalie Mtanzania wa tatu, kwa sababu huyo ndiye anaweza kuwa mkato wake.

Mtu atasema, mbona Simbu alikuwa bingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa 2:09:48? Kweli, na alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Lakini muda wa kufuzu mashindano yale ulikuwa 2:06:30. Muda uliompa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo usingetosha kumpatia tiketi ya kwenda. Tiketi hutafutwa mahali pengine, kwenye baridi na njia nyoofu. Medali hutafutwa kwenye joto, watu wakitazamana. Ni mitihani miwili tofauti, na asiyejua hilo atachagua mbio zisizo zake.

Nirudi Upareni. Nilisoma sekondari na jamaa mmoja kutoka Mamba, mtoto wa mkulima wa tangawizi. Alikuwa na mapafu, aisee. Baada ya shule aliona tangazo la kuchagua vijana wa kambi ya mazoezi, muda wa kilomita 21 umeandikwa wazi. Akajifua miezi, akaufikisha, akapewa na karatasi. Mzee wake akachimba tangawizi kabla ya wakati na kuiuza kwa bei ya hasara ili ipatikane nauli. Kufika kule, akaambiwa waliofikisha ni wengi kuliko vitanda, wamechukuliwa wa juu. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemwambia. Leo yuko kwenye mpunga Ndungu, na ukimtajia mbio anabadilisha mazungumzo.

Najua jibu litakalokuja: vijana wa mlimani hawahitaji hesabu, wanahitaji viatu, chakula na nauli. Nakubali vyote vitatu. Lakini ni nani anayehitaji kukadiria zaidi, mwenye nauli ya mara kumi au mwenye ya mara moja? Marathoni hukimbii kila wiki, mwili unakubali mbili au tatu nzuri kwa mwaka. Mwenye pesa akikosea mbio anajaribu nyingine. Mtoto wa Chome au Vudee akikosea, msimu umeisha na shamba limeuzwa. Watani zetu Wachaga wanatuita mabahili. Sawa, basi tuwe mabahili kweli: tusilipe nauli ya kwenda kupanga foleni ambayo tungeweza kujua mapema kuwa haitatufikia.

Na kuchagua mbio ni sehemu ya hesabu hiyo. Kilimanjaro Marathon pale Moshi ni karibu na nauli yake ni nafuu, lakini njia ya kilomita 42 inapanda kuelekea Mweka. Ni mbio za kujipima na kuonekana, siyo za kutafuta muda wa haraka. Na usidhani utatoboa kwa kuteremka. Ili muda uhesabike rekodi, njia haitakiwi kushuka zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, yaani kama mita 42 kwa marathoni nzima. Boston nao, kuanzia mbio za 2027, wanamwongezea dakika 5 aliyefuzu kwenye njia inayoshuka futi 1,500 au zaidi, na dakika 10 ikifika futi 3,000. Kwa hiyo mteremko wetu wa kutoka mlimani hadi barabara kuu tuuache kwa pikipiki.

Maombi yangu ni mawili. La kwanza ni kwa wote wanaotangaza muda wa kufuzu hapa nchini, kuanzia kambi ndogo hadi timu ya taifa. Chini ya muda huo ongezeni mistari miwili: nafasi ziko ngapi, na mara iliyopita wa mwisho kuingia alikuwa na muda gani. Haigharimu chochote. Kijana akiziona namba hizo ataamua mwenyewe kama aende au asubiri.

La pili ni kwetu sisi wa elimu. Mwakani wengi wetu tutakuwa mazoezini, wengine Same, wengine Mbulu na Singida. Tukifika kwenye mada ya takwimu, tuache kidogo mifano ya urefu wa wanafunzi na mauzo ya machungwa. Tuwape orodha ya muda wa wakimbiaji 50 na nafasi 30, tuwaulize mkato uko wapi. Halafu tuwaulize utakuwa wapi mwakani, nafasi zikibaki 30 na wakimbiaji wakiwa 70. Mle darasani atakuwepo mmoja anayepanda mlima kila asubuhi kuja shule, na yeye hilo swali atalijibu kwa makini kuliko wote.