Geti pekee halitulindi

Mhariri,

Hapa Buruburu, Nairobi, makundi mengi ya nyumba, tunayoyaita koti, sasa yana geti na bawabu. Sikatai, ndani watoto wanacheza bila wasiwasi. Ila waporaji wa simu hawakuacha kazi; wanatusubiri kwenye kituo cha matatu, tunakoshukia usiku. Naye mwizi anayeijua nyumba hupita getini akisalimiwa. Bawabu mwenyewe, kwa mshahara kiduchu, ana rungu na tochi tu!

Nyumba Kumi, mpango ulioletwa Kenya mwaka 2013 kwa mfano wa Tanzania, ulitaka majirani wafahamiane. Sisi tunafahamiana siku ya kudaiwa ada ya ulinzi. Serikali ya kaunti iwashe taa za barabarani, na polisi wapige doria nje ya mageti pia.

Mkazi wa Buruburu,
Nairobi